Juhudi, Neema na Sababu: Ibada ya Bhakti katika Maneno ya Kiswahili



Nawashukuru kwa kunialika hapa Tumbi kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina makazi huku. Kibaha na Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, ya mikorosho na minazi, ya misikiti na makanisa. Anayetaka kuyaona mahekalu ya Kihindu hushuka Barabara ya Morogoro mpaka Dar es Salaam, akaingia mitaa ya Kisutu. Hata hivyo mada yangu ni ya lugha, na lugha tunayo sisi. Wahindu wa Afrika ya Mashariki wameishi pamoja na Kiswahili kwa vizazi vingi, wamekitumia dukani, jikoni na mahakamani. Swali langu ni kama Kiswahili kinaweza kuieleza ibada yao bila ya kuipotosha, na ni maneno gani kitakayoyatumia.

Nimechagua tatizo moja tu la ibada hiyo, kwa kuwa ndilo linaloupima msamiati wetu kwa ukali zaidi. Tatizo lenyewe ni uhusiano wa juhudi ya mja na neema ya Mungu. Sarufi yetu inatuwezesha kulitamka kwa ufupi ambao lugha nyingi hazina: mcha Mungu anapofika kwa Mungu wake, je, amefika, au amefikishwa?

Mtu akisoma maelezo mafupi ya Uhindu aghalabu hukutana na neno karma, na kuambiwa kwamba kila kiumbe huvuna alichopanda, katika maisha haya au yajayo. Kwa maelezo hayo dini nzima inakuwa mizani isiyo na huruma: tendo upande huu, malipo upande ule. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni nusu. Nusu ya pili ni bhakti, ibada ya mapenzi kwa Mungu mwenye jina, sura na hisia, hasa Vishnu katika umbo la Krishna au Rama. Neno bhakti limetokana na mzizi wa Kisanskriti bhaj, wenye maana ya kugawana na kushiriki. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna pande mbili katika neno hilo, anayetoa na anayepokea, na ugomvi wa wanazuoni umekuwa juu ya nani anaanza.

Kabla ya kuwaendea wanazuoni hao, tutazame tulichonacho ghalani.

Juhudi na jitihada ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Kitenzi kujitahidi nacho kimetoka hukohuko, na ile ji- ya mwanzo ni mabaki ya umbo la Kiarabu. Lakini msikilizaji asiyejua Kiarabu husikia ndani yake kiambishi chetu cha kujirejea, kama katika kujituma na kujisaidia. Kwa sikio la Mswahili, anayejitahidi anaifanyia kazi nafsi yake mwenyewe. Siasa ya miaka ya 1960 na 1970 ikaliongezea neno juhudi harufu ya jembe na kiwanda. Wengi wetu tulilelewa katika kujitegemea, na aliyelelewa hivyo huitazama zawadi kwa jicho la shaka. Hapa tulipo ni mahali pazuri pa kulikumbuka hilo. Kituo cha elimu cha Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na katikati yake, mwaka 1967, ndipo Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa. Zawadi na kujitegemea vimelala kitanda kimoja hapa Tumbi, na sijasikia kwamba vimegombana sana.

Upande wa pili tuna neema, rehema, fadhila na kudura, tena tuna kitenzi kujaalia. Kitenzi hiki kinastahili kutazamwa. Tunasema Mungu amenijaalia, ambapo Mungu ni mtenda na mimi ni mtendwa. Lakini mara nyingi zaidi tunasema nimejaaliwa watoto watatu, na mtenda ametoweka. Hatumtaji, na hakuna anayeuliza ni nani. Tunayo pia methali, jitihada haiondoi kudura, ambayo wengine huitumia kumkatisha tamaa mwenye bidii. Mimi naisoma vinginevyo. Methali haisemi kwamba jitihada ni bure. Inasema haiwezi kuondoa kitu ambacho si chake. Kama jitihada isingekuwa na nafasi yoyote, asingekuwapo mtu wa kuitungia methali.

Sasa twende India ya Kusini. Katika karne ya 11 na ya 12 aliishi huko mwanazuoni Ramanuja, ambaye jina lake limefungamana na hekalu la Srirangam. Alifundisha kwamba roho na ulimwengu ni kweli, si njozi, na vyote ni mwili wa Mungu, vikimtegemea kama mwili unavyoitegemea nafsi. Kwa mafundisho hayo njia ya kumfikia Mungu ni bhakti, na yule asiye na uwezo wa kuifuata kwa ukamilifu amebakiwa na prapatti, yaani kujisalimisha, kuweka mikono chini na kusema sina pengine pa kukimbilia. Baada ya Ramanuja wafuasi wake waligawanyika, na mgawanyiko ulihusu swali letu lilelile. Je, kujisalimisha nako si tendo? Na kama ni tendo, je, si juhudi iliyovaa nguo za unyonge?

Upande mmoja, ulioitwa Vadakalai, alisimama Vedanta Desika. Upande wa pili, Tenkalai, alisimama Pillai Lokacharya. Wote walikuwa watu wa karne ya 13 na ya 14. Mapokeo yamezitofautisha shule hizi kwa wanyama wawili. Ya kwanza ni shule ya kima. Mama kima anaporuka kutoka tawi hadi tawi, mwanawe hujishikilia tumboni pake kwa mikono yake mwenyewe. Mama ndiye anayeruka, kazi yote kubwa ni yake, lakini mtoto akiachia ataanguka. Ya pili ni shule ya paka. Paka humbeba mwanawe kwa kumwuma ukosi wa shingo, na mtoto hulegea tu. Akijitia kusaidia ndipo anapomtaabisha mama. Walio na nyumba karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kule Kisarawe, hawahitaji kufundishwa habari za kima, na paka yuko kila jiko.

Mwanatheolojia wa Ujerumani, Rudolf Otto, alivutiwa sana na mfano huu. Mwaka 1930 alichapisha kitabu juu ya dini ya neema ya India akiilinganisha na Ukristo, maana aliuona ndani yake ugomvi wa kwao Ulaya. Mfano wenyewe ni mtamu mno, na utamu wake umewapoteza wengi. Msomaji hudhani kwamba shule ya kima inasema mtu hujiokoa, na shule ya paka inasema mtu akalale. Hakuna shule iliyosema hivyo. Wenye alama ya paka wanafunga, wanasali, wanatunza mahekalu kama wenzao. Ila wanakataa kuviita vitendo hivyo njia. Kwao njia ni Mungu mwenyewe, na ibada ya mja ni shukrani ya aliyekwisha kubebwa. Naongeza kwa pembeni kwamba ugomvi wao haukubaki vitabuni. Shule hizi hutofautiana hata kwa alama ya kipaji cha uso, moja kama herufi U, nyingine kama herufi Y, na huko Kanchipuram walipelekana mahakamani enzi za Waingereza kwa sababu ya haki za ibada hekaluni. Neema inaweza kuwa bure na bado watu wakaigombea.

Hoja ninayotaka tuikazie ni ya Desika, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Alipobanwa na wapinzani kwamba anamfanya Mungu mdaiwa wa mja wake, alijibu kwa neno la Kisanskriti, vyaja. Kujisalimisha, alisema, si bei ya wokovu. Ni vyaja, yaani kisa kidogo anachokihitaji Mungu ili rehema yake iliyokuwa ikisubiri siku zote ipate mlango. Mungu anataka kuokoa. Lakini akiokoa bila ya kisa chochote ataonekana mwenye upendeleo, kuwachukua hawa na kuwaacha wale. Kwa hiyo anatafuta kijisababu.

Tutalifasiri vipi neno hilo? Kamusi za Kisanskriti hutoa maana ya hila na kisingizio. Kisingizio kwetu ni neno la lawama. Ni la mwanafunzi aliyechelewa. Juhudi ni kubwa mno, maana yake ndiyo hasa anayoikwepa Desika. Sharti ni neno la mkataba. Mfasiri anaweza kukata tamaa hapo, na pengine kuliacha neno la kigeni kama lilivyo.

Lakini nendeni kwenye hospitali hii ya Tumbi saa za kutazama wagonjwa, mkawasikilize watu wa kawaida. Aliyepona hupongezwa, naye hujibu kwamba mponyaji ni Mungu, daktari ni sababu. Aliyepata kazi kupitia kwa jirani husema fulani alikuwa sababu. Sababu hapa si ile ya somo la fizikia, ambayo ikiwapo tokeo halina budi kufuata. Ni kile anachokitumia Mungu kupitishia analotaka kulitoa. Bila ya sababu huenda jambo lisingetokea, na bado sababu haiwezi kujisifu kwamba imelitenda. Mzee wa pwani anayemwambia kijana wake tafuta sababu, riziki utapewa, ameutaja msimamo wa Desika bila ya kumsoma. Maana hii imelelewa katika malezi ya Kiislamu ya pwani, na Wakristo wa bara wameipokea bila ya kuiuliza cheti cha kuzaliwa. Napendekeza basi kwamba vyaja ifasiriwe kwa neno sababu, na kwamba mfasiri asiogope wepesi wake.

Naam, hao ni watu wa Kusini, na Wahindu wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni Gujarat, Kutch na Kathiawar. Kwao majina yanayosikika zaidi ni mengine. La kwanza ni Vallabha, aliyeishi kuanzia 1479 hadi 1531. Njia aliyoianzisha inaitwa Pushti Marg. Mabhatia wa Kutch walioshika forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, chini ya nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, walitoka katika jumuiya ambayo kwa kawaida yake hufuata njia hiyo. Walohana wengi vilevile. Na pushti ni nini? Ni lishe. Ni kunawiri, kuwa na afya, kushiba. Vallabha alikuwa na Bhagavata Purana mbele yake, ambamo kulisha na neema ya Mungu vimefungwa pamoja, naye akaijenga njia nzima juu ya fungamano hilo. Alitofautisha watu wanaokwenda kwa kufuata mipaka ya sheria na wale ambao Mungu amewalisha tu, kwa kuwa amependa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kushtuka hapa kwa furaha. Sisi nasi neno letu la neema ni la chakula. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Nchi iliyoneemeka ni nchi iliyoshiba. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version ya mwaka 1952, walipolitumia neno neema kwa wazo la Agano Jipya, hawakuweza kulivua harufu ya ghala, na nadhani hawakutaka. Lugha nyingine za Ulaya zinapozungumzia jambo hili husikika ndani yake kupendeza, au msamaha wa mfalme. Kiswahili kinasikika kinatafuna. Hata ule wingi tunaouita tumbi nzima tunaupima kwa mfuko wa ukili. Kwa hiyo mtu akitaka kuifasiri Pushti Marg kwa Kiswahili, Njia ya Neema si tafsiri ya kubahatisha. Ni karibu na asili kuliko tafsiri nyingi ninazozijua za Ulaya.

Kuna neno jingine linalotoa ushahidi huohuo, nalo ni prasad. Katika Kisanskriti prasada ni uangavu, utulivu, kisha hisani na neema. Katika matumizi ya kila siku ni chakula kilichotolewa kwa Mungu na kurudishwa kwa waja. Siku ya mwaka mpya wa Kigujarati, baada tu ya Diwali, huadhimishwa Annakut, yaani mlima wa chakula. Huwa hivyo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kama ilivyo Gujarat. Wanawake na wanaume hupika kwa siku kadhaa, vyakula vya aina nyingi, hupangwa ngazi kwa ngazi mbele ya sanamu ya Krishna, wimbo huimbwa, kisha vyakula vilevile hugawiwa watu.

Tafakarini kidogo juu ya sahani hiyo. Unga ulinunuliwa dukani kwa fedha ya mtu. Mtu aliukanda, jasho lilimtoka, mkono ulimwungua. Hiyo ni juhudi isiyo na shaka. Sahani inakwenda mbele, inarudi, haijapungua hata punje. Na anayeipokea haambiwi kachukue chakula chako, anaambiwa pokea neema. Hata aliyepika huipokea kwa mkono wa kulia, ameinama, kama mgeni. Wanazuoni wamegawana kitu hiki kwa karne nyingi, huyu akachukua unga, yule akachukua baraka. Sahani yenyewe haigawanyiki. Kwa maoni yangu mpishi wa Annakut amelijibu swali letu vizuri kuliko mfano wa kima na paka, kwa kuwa wanyama wale wanatulazimisha kuchagua na sahani haitulazimishi.

Jina la pili ni Sahajanand Swami, anayeitwa na wafuasi wake Swaminarayan, aliyeishi kuanzia 1781 hadi 1830. Waraka wake wa maadili, Shikshapatri, ni wa mwaka 1826. Humo aliyakubali mafundisho ya Ramanuja juu ya Mungu na roho, na kwa taratibu za saumu na sikukuu akaelekeza zifuatwe zile za Vitthalnath, mwana wa Vallabha. Mikondo miwili ikakutana. Mkazo wake ni juu ya nidhamu: chakula, mavazi, maneno, fedha, vyote vina kanuni. Mtu angeweza kudhani kwamba hapa juhudi imeshinda. Lakini muulizeni mfuasi wake kwa nini anashika kanuni hizo. Atajibu kwamba ni kumpendeza Mungu na guru, na katika radhi hiyo ndimo yote yamo. Radhi ni neno letu pia, na kila aliyelelewa pwani anajua kwamba radhi ya mzazi hainunuliwi, ingawa mtoto mtovu wa adabu haipati. Jumuiya moja ya wafuasi hao ilizindua hekalu Mombasa mwaka 1955, Yogiji Maharaj akiwa safarini Afrika ya Mashariki, na jingine kubwa, la mawe na mbao za kuchongwa, Nairobi mwaka 1999.

Sasa niingie katika neno lililonivuta kwenye utafiti huu, nalo ni hundi. Kila Mtanzania aliyewahi kwenda benki analijua. Kabla ya fedha kuanza kupita kwenye simu, mishahara ya wengi ilipita katika hundi. Neno hili tumelipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walitumiana fedha ng'ambo ya bahari kwa karatasi: Zanzibar unaandika, Bombay au Kutch Mandvi jamaa yako analipwa. Karatasi hiyo haina thamani isipokuwa ile ya jina la atakayelipa.

Washairi wa Gujarat wana kisa mashuhuri cha hundi. Narsinh Mehta, mshairi mcha Mungu wa Junagadh katika karne ya 15, alikuwa maskini. Mahujaji waliokuwa wakienda Dwarka walitaka kuweka fedha zao mahali salama ili wasiporwe njiani, na wenye dhihaka wakawaelekeza kwa Narsinh, kwamba huyo ndiye tajiri wa mji. Narsinh akapokea rupia 700, akawaandikia hundi juu ya mfanyabiashara wa Dwarka aitwaye Shamalsha. Dwarka hapakuwa na mtu wa jina hilo. Shamal ni mweusi, ni Krishna. Fedha akazitumia kwa ibada na kwa maskini. Mahujaji walifika Dwarka, wakatafuta mpaka wakachoka, ndipo akatokea mfanyabiashara mwenye kilemba na daftari, akalipa yote. Premanand Bhatt alikitungia kisa hiki utenzi katika karne ya 17, na bado kinaimbwa.

Mtu wa benki atasema Narsinh alitenda kosa la jinai, na kwa sheria zetu atakuwa sahihi. Lakini tazameni kisa kilivyojengwa. Narsinh hana akiba kwa Shamalsha. Kwa hiyo hakuna deni analolidai. Hata hivyo hakukaa kitako akingoja. Alichukua kalamu, akaandika jina. Je, kalamu ile ni juhudi? Ni ndogo mno kuwa bei ya rupia 700. Je, ni bure? Bila ya kuandikwa, hapakuwa na karatasi ya kulipwa. Mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekipokea kisa hiki kwa mama yake alielewa mara moja, kwa kuwa mchana kutwa aliishi kwa karatasi za namna hiyo, na kwa mali kauli, bidhaa zinazotolewa kwa neno la mdomo tu. Kwa msamiati tuliokwisha kuupata, hundi ya Narsinh ilikuwa sababu.

Hapa pananisikitisha jambo. Orodha ya maneno tuliyoyapokea kwa majirani hawa ni orodha ya duka na jiko: hundi, bima, laki, pesa, cheti, chapati. Ya ibada ni haba. Tulimsikiliza Mhindi alipohesabu, hatukumsikiliza alipoomba. Hata tofauti ya Mhindi na Mhindu, irabu moja tu, magazeti yetu huikosea. Na methali yetu mashuhuri, Banyani mbaya kiatu chake dawa, inakiri kwamba jirani huyu anafaa, lakini kinachofaa ni kiatu. Siwalaumu waliotunga, mdaiwa hatungi sifa za mdai wake. Nawaambia wanafunzi tu kwamba methali hiyo ni ushahidi wa mahali pa kusimama, nje ya mlango wa duka, na kwamba kutoka hapo hekalu halionekani.

Kwa hiyo kwa wale mtakaochukua kazi ya kufasiri matini za bhakti, na natumaini wapo humu ukumbini, nina maombi mahususi. Prasad iachwe prasad mara ya kwanza, kisha ielezwe kuwa neema, wala isiitwe sadaka, kwa kuwa sadaka inakwenda na prasad inarudi. Kripa, ambayo ni huruma ya Mungu kwa mnyonge, naiona karibu zaidi na rehema. Na pale mtunzi anaposema kwamba amempata Krishna, msikimbilie kuandika nimempata. Ulizeni kwanza ni mtunzi wa shule ipi. Kwa mmoja itafaa nimemfikia, kwa mwingine nimefikishwa, na kwa Mgujarati wa njia ya Vallabha nadhani hapana budi kusema nimejaaliwa, na jina la mtenda liachwe, kama tunavyoliacha kila siku tunapohesabu watoto wetu.